Si kila ndege wa miguu mirefu ni korongo: mwongozo wa kuwatazama ndege wakubwa wa hori zetu

Kutoka Vanga mpaka Kiunga, pwani yetu imekatwakatwa na hori, midomo ya mito na mafungu ya tope. Maji yakipwa, pahali hapo huonekana ndege warefu wamesimama tuli, mmoja hapa, ishirini kule. Ukiuliza ni ndege gani, utajibiwa "korongo". Akiwa mweupe, ataitwa "yangeyange". Majina hayo mawili tumewabebesha ndege zaidi ya kumi na tano walio tofauti kwa umbo, kwa chakula na hata kwa nchi wanakozaliwa.

Nimekuwa nikiwatazama ndege hawa kwa miaka kadhaa, na mara nyingi vijana huniuliza waanzie wapi. Makala haya ni jibu langu kwao. Yahifadhi kwenye simu yako, ndugu msomaji, uyafungue ukiwa ufuoni. Mwishoni nitaeleza kwa nini naona kazi hii ni zaidi ya kupitisha wakati, kwani inahusu ardhi na maji tunayoyategemea.

ANZA NA SHINGO

Kabla ya rangi, tazama shingo ndege akiwa anaruka. Akiikunja kama herufi S na kichwa kikarudi karibu na mabega, mara nyingi huyo ni wa jamii ya kulastara, ambamo yangeyange nao wamo. Akiinyoosha mbele kama mshale, na miguu ikanyooka nyuma, huyo ni korongo, heroe, kwarara au domomwiko. Alama hii moja inakutolea nusu ya shaka, hata ndege akiwa mbali na jua likikupiga machoni.

Alama ya pili ni mdomo. Kulastara ana mdomo ulionyooka na wenye ncha kali kama mkuki, na ndivyo anavyoutumia: husimama kimya, kisha huchoma. Kwarara ana mdomo uliopinda kuelekea chini, wa kuchokora tope. Domomwiko jina lake latosha, mdomo ni bapa na mpana mwishoni kama mwiko wa jikoni. Heroe ana mdomo uliovunjika katikati kama kiko.

KULASTARA NA YANGEYANGE

Mkubwa wao ni kulastara anayefikia kimo cha kama mita 1.5, mkubwa kuliko kulastara wote duniani. Kichwa na shingo ni rangi ya kutu, mgongo ni wa kijivu cha buluu, na mabawa yakifunguliwa hupita mita 2. Hupenda kukaa peke yake. Ukimwona mmoja kwenye hori, usitazamie kumwona wa pili karibu.

Wawili wanaochanganywa sana ni kulastara wa kijivu na kulastara wa kichwa cheusi. Wakisimama, tazama shingo ya nyuma: wa kijivu ana shingo nyeupe, na mwenzake ana nyeusi kuanzia utosini. Wakiruka, tazama chini ya bawa. Wa kijivu ana rangi moja ya kijivu, na wa kichwa cheusi ana weupe mbele na weusi nyuma, zinazoonekana wazi. Huyu wa kichwa cheusi mara nyingi hutamwona majini kabisa. Huwinda panya, panzi na mijusi kwenye majani makavu na mashamba.

Kwa yangeyange, tazama mdomo na miguu. Yule anayefuata ng'ombe ni mfupi, mdomo wa manjano, na chakula chake ni wadudu wanaotimuliwa na kwato. Yangeyange mdogo wa majini ana mdomo mweusi, miguu myeusi, na nyayo za manjano kana kwamba amevaa soksi. Yangeyange mkubwa hana soksi, shingo yake ni ndefu na imepinda pembe katikati, na mstari wa kinywa chake hupita nyuma ya jicho.

Kisha kuna wawili wa kuchunga sana. Wa kwanza ni kulastara mweusi mwenye nyayo za manjano ambaye huwinda kwa kufanya mwavuli. Huinama, hufungua mabawa yote mawili mpaka yakutane mbele, na kichwa hubaki ndani kwenye kivuli. Hukaa hivyo kwa sekunde chache, hufunga, hupiga hatua mbili, hufungua tena. Samaki wadogo hukimbilia kivuli, naye humwona vizuri kwa kuwa mng'ao wa jua umezuiliwa. Wa pili ni yangeyange wa ufuoni mwenye rangi mbili, wengine weupe na wengine wa kijivu cheusi ilhali ni aina moja. Huyu ni wa pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi, na kwetu huonekana zaidi upande wa kusini. Akiwa mweusi utamkosea na wa mwavuli, lakini yeye hafanyi mwavuli, na kidevu chake mara nyingi ni cheupe.

KORONGO WENYEWE

Korongo wa kweli ni wazito, mdomo mnene, mabawa mapana. Anayeonekana sana kwenye mikoko na mafungu yetu ni korongo wa shingo nyeupe ya manyoya laini kama pamba. Mwili mweusi, tumbo jeupe. Hutembea polepole akiokota kaa.

Korongo mdomo wa manjano ana uso mwekundu na mwili mweupe. Namna yake ya kuvua inastahili nusu saa ya macho yako. Huuingiza mdomo ndani ya maji ukiwa wazi kidogo, huku mguu mmoja ukikoroga tope. Haitegemei macho. Kitu kikigusa mdomo, hufunga ghafla, kasi ambayo jicho la mtu haliifuati. Ndiyo maana huweza kuvua kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, kama ya Sabaki wakati wa mvua, ambako kulastara mwenye kutegemea macho hupata taabu.

Korongo mwingine ni yule mweusi ambaye mdomo wake haufungiki katikati, una mwanya. Chakula chake ni konokono na kome wa maji baridi. Huyo mtafute kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga ya Tana. Na yule mwenye upara na mfuko shingoni, anayezunguka majaa ya taka, sina haja ya kumtambulisha.

HEROE

Tunao wa aina mbili. Heroe mkubwa ni mrefu na mweupe wa waridi hafifu, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Heroe mdogo ni mfupi, rangi imekolea, na mdomo wake ni mwekundu wa giza. Wote hula kichwa kikiwa juu chini, wakichuja maji kwa mdomo. Mkubwa huchuja vidudu na kamba wadogo, na mdogo huchuja hasa mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Rangi yao hutokana na chakula hicho. Kinda wake ni wa kijivu.

Heroe hawana ratiba. Mwaka mmoja wamejaa, mwaka mwingine huwaoni. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaa hasa Ziwa Natron, Tanzania, na husafiri usiku kufuata maji yenye chakula. Hivyo anayekuahidi heroe kwa tarehe maalumu usimwamini.

MLA KAA, MGENI WA KUTOKA UARABUNI

Kwa kimo huyu si mkubwa kama hao wengine, urefu wake ni kama sentimita 40, lakini nampa sehemu yake mwenyewe kwa sababu pwani yetu ni miongoni mwa pahali muhimu kwake. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu cha buluu, na mdomo mweusi mnene kupita kiasi cha mwili wake. Mdomo huo ni wa kuvunjia kaa. Namwita mla kaa kwa sababu hiyo.

Huanza kufika kwetu kama mwezi wa Agosti na wengi huondoka kufikia Aprili. Huzaa kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Kati ya ndege wote wa jamii yake ya ufuoni, ni yeye pekee anayechimba shimo la kutagia. Huchimba mchanga kwa mdomo na miguu, shimo la kuteremka lenye urefu wa mita moja na zaidi, na ndani yake hutaga yai moja jeupe. Joto la mchanga humsaidia kuatamia, hivyo mzazi huweza kwenda kutafuta chakula bila yai kupoa.

Kinda ni mmoja tu, na wazazi humtunza kwa muda mrefu. Ukiwatazama Mida mwezi wa Oktoba utaona kinda wa kijivu, kimo kimeshafikia cha mkubwa, akimfuata mzazi na kulia kwa mbinja akidai chakula. Amesafiri njia yote hiyo na bado analishwa. Ndege anayetaga yai moja kwa mwaka hawezi kurudisha hasara haraka, na hilo likumbuke tutakapofika kwenye habari ya ardhi.

MAJI NA MWEZI NDIYO RATIBA

Wageni huja na vifaa vya bei kubwa na huondoka bila kuona kitu, kwa kuwa wamefika maji yakiwa yamekupwa kabisa. Wakati huo ndege wametawanyika kilomita nzima ya tope na hawaonekani ila kama nukta. Wakati mzuri ni maji yanapojaa, kama saa mbili au tatu kabla ya kujaa kabisa. Maji huwasukuma kutoka mbali mpaka kwenye mafungu yaliyobaki makavu karibu na ukingo. Hapo hukusanyika, hupumzika, na wewe hukaa pahali pamoja wakaja wenyewe.

Mvuvi anajua haya bila kufungua kitabu, na yeyote anayefuata tarehe za mwezi mwandamo anaweza kuyapiga hesabu. Bamvua huja mwezi unapoandama mpaka tarehe 3 au 4, na tena kuanzia mwezi 14 mpaka kama 18. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu, karibu na tarehe 8 na 23, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50.

Kwa hivyo siku ya bamvua fika ukingoni saa saba na nusu mchana na ukae mpaka alasiri. Tofauti ya maji kupwa na kujaa siku za bamvua kubwa inaweza kukaribia mita 4, na ndege hukusanyika sana. Siku za maji mafu huenda baadhi ya mafungu yasifunikwe kabisa, na ndege wasisogee. Halmashauri ya Bandari huchapisha jedwali la maji la kila mwaka kwa anayetaka dakika kamili.

Kwa misimu, Septemba hadi Aprili ndiyo kipindi kizito, kwani wageni wa kaskazini wamo, pamoja na sululu wa midomo mirefu iliyopinda, wanaozaa Urusi na kaskazini zaidi. Wakati wa kusi hubaki wenyeji, na baadhi ya wageni wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa.

PAHALI PA KWENDA

Mida, karibu na Watamu, ndipo pa kuanzia. Hori imezungukwa na mikoko, na iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Kuna daraja la mbao linalopita juu ya mizizi ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia. Ada ya kuingia imekuwa ikisaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya kandokando, chini ya mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya. Mvuvi mmoja wa upande wa Dabaso aliniambia, "Mwanangu, zamani tukiwafukuza hawa wasitule samaki. Sasa mjukuu wangu amesomeshwa nao."

Mdomo wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, ni pahali pa wazi penye mchanga na tope. Mto hushusha udongo kutoka mashamba ya bara, na udongo huo ndio unaojenga mafungu. Heroe, mwari, korongo na shakwe wengi hupumzika hapo. Nenda jioni, na mchukue kijana wa hapo akuongoze, kwani tope la kuzama lipo.

Kaskazini zaidi, mabwawa ya chumvi ya Gongoni na majirani zake huwa na heroe. Hayo ni mali ya kampuni; omba ruhusa kwanza. Delta ya Tana ni dunia nyingine: mafuriko yanapokuja, kulastara, yangeyange, kwarara na domomwiko hujenga viota kwa pamoja juu ya miti iliyosimama majini. Kusini, hori za Gazi, Funzi na Vanga zina mikoko mizuri na yule yangeyange wa rangi mbili.

VIFAA NA ADABU

Darubini moja yatosha. Ukiona imeandikwa 8x42, maana yake hukuza mara 8 na kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 42. Usishawishike na ya 20, kwani mkono ukitetemeka hutaona chochote. Chukua daftari, kalamu ya risasi isiyofutika kwa maji, kofia, na maji ya kunywa. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha mwaka 2002 kuhusu ndege wa Afrika Mashariki ni kizuri, ingawa ni cha Kiingereza na bei yake si ya kila mfuko. Watu watatu wanaweza kuchangiana.

Adabu ni chache. Usiwakimbize ili upate picha ya kundi likiruka. Ndege aliyekusanyika wakati wa maji kujaa anapumzika na kuhifadhi nguvu; ukimrusha mara tano, nguvu hizo ndizo alizozihitaji kwa safari ya kwenda Oman. Vichwa vyote vikiinuka kwa pamoja, umekaribia mno. Simama, kisha rudi hatua kumi. Usikaribie viota kabisa, kwani mzazi akiruka kunguru huchukua mayai. Na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda na kuua ndege hawa bila kibali.

KWA NINI TUWAHESABU

Nimesoma matangazo mengi ya viwanja na ripoti za miradi kuhusu ardhi ya kando ya hori zetu. Neno linalorudi ni "tupu", ardhi tupu. Tope lililojaa kaa, kome na ndege elfu huandikwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyeandika vinginevyo.

Hesabu ya ndege ni ushahidi unaotambuliwa. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Kenya ni mwanachama wake, una vigezo vya kuitambua ardhi oevu kuwa na umuhimu wa kimataifa. Viwili kati yake ni vya hesabu: eneo liwe kwa kawaida na ndege wa majini 20,000 au zaidi, au liwe na angalau asilimia 1 ya ndege wote wa aina moja. Kenya ina maeneo 6 kwenye orodha hiyo. Matano ni maziwa ya Bonde la Ufa. La pwani ni moja tu, Delta ya Tana, lililoingizwa mwaka 2012 likiwa na hekta 163,600. Mida haimo, Sabaki haimo, hori za Kwale na Lamu hazimo.

Delta yenyewe iliwahi kulengwa na mipango ya mashamba makubwa ya miwa, na wafugaji, wakulima na watetezi wa mazingira walisimama. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamuru mipango ya matumizi ya ardhi itayarishwe kwa kuwashirikisha wakaazi. Waliofika mahakamani walikuwa na la kusema kwa sababu kulikuwa na watu walioishi na ardhi ile na kuijua, nani analisha wapi, mafuriko yanafika wapi, nini kinazaa pahali gani.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa, na inampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni. Maoni ya "hatutaki" hujibiwa kwa barua ya aya mbili. Daftari lenye tarehe, saa, hali ya maji na idadi ya ndege kwa miaka mitatu mfululizo si rahisi kulipita hivyo.

Mwenye kupoteza si ndege pekee. Tope linalomlisha mla kaa ndilo linalokuza kamba na kaa tunaowauza. Mizizi ya mkoko na mlilana ndiyo malezi ya samaki kabla hawajatoka baharini. Hori ikijazwa kifusi, ndege huondoka mwaka ule ule, na baada yake huondoka riziki ya mama anayeokota kome.

Kwa hivyo naomba hivi. Chagua hori moja iliyo karibu na kwako. Nenda mara moja kila mwezi siku ya bamvua, saa ile ile ya maji, ukae pahali pale pale. Andika tarehe ya mwezi na ya kawaida, aina unazozijua, na idadi. Usiyemjua andika shingo, mdomo na miguu yake. Ukiwa na simu, tuma orodha kwenye eBird, ambako watafiti wa dunia nzima huisoma. Mwezi wa Januari ndipo ndege wa majini huhesabiwa duniani kote. Waulize Nature Kenya au A Rocha namna ya kuungana nao. Na walimu wa shule na madrasa, wachukueni watoto angalau mara moja kwa muhula. Darubini moja kwa watoto kumi si haba, bora wapishane bila kugombana.

Januari inshallah nitakuwa Mida na daftari langu. Mwenye hori yake Vanga, Tudor au Kipini aniandikie alichokiona.